Jioni ya Majaribio Mawili

Kocha alihama mwezi Februari, msimu haujaisha. Hakutangaza kitu. Lakini wazazi wa hoki ya barafu wa Toronto hawahitaji tangazo. Kesho yake, kwenye korido tunapowafungia watoto kamba za viatu, watu waliokuwa wakikaa benchi moja walikuwa wameshajitenga pembe mbili, na kila pembe inanong'ona.

Mwaka ulikuwa 2016. Mwanangu alikuwa na miaka 12, beki, mfupi kuliko wenzake wote, anachezea klabu moja ya mashariki ya jiji. Kocha wake alikuwa anakwenda kwa mahasimu wetu wa magharibi, na hakuwa anakwenda peke yake. Hoki ya Toronto ndivyo ilivyo, kocha akihama anataka kubeba na kikosi.

Ligi yenyewe ni Greater Toronto Hockey League. Ilianza 1911, na hujinadi kuwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani kwa hoki ya watoto. Ina madaraja matatu, A, AA na AAA. Huko juu kabisa, AAA, kulikuwa na klabu 12 tu, na kila klabu ina timu moja kwa kila rika. John Tavares na Connor McDavid, nyota wa NHL, ligi kuu ya kulipwa, walipita humo, wote wakiwa na klabu ya Toronto Marlboros, kwa hiyo kila mzazi anayemwona mwanawe anageuka vizuri kwenye barafu huanza kuota mchana kweupe. Timu ina watoto 17: makipa 2, washambuliaji 9, mabeki 6. Sita! Jiji zima hilo.

Mimi nimekulia Ilala, nyumba ya Yanga. Baba yangu mpaka anaingia kaburini aliwaita Simba "Sunderland", jina waliloliacha tangu 1971, kwa nia tu ya kuwakera. Kwa hiyo habari za usajili sikuanza kuzisikia Kanada. Nimekua nikisikia mchezaji kasaini kuwili, mchezaji kafichwa gesti mpaka dirisha lifungwe, viongozi wamekesha sebuleni kwa mama wa mchezaji na bahasha mkononi. Sikutegemea tu kwamba ipo siku huyo mama wa mchezaji ningekuwa mimi.

Kocha alinipigia usiku mmoja mwezi Machi. Kanuni zinakataza kumfuata mchezaji wa klabu nyingine kabla ya muda, basi naye akawa anaongea kwa kuzunguka. "Mwanao ni aina ya beki ninayependa kumfundisha. Ningefurahi kumwona kwenye majaribio yetu." Nikamuuliza waziwazi, nafasi ipo au haipo? Akacheka. "Ningefurahi sana kumwona." Mama mmoja niliyekuwa nabadilishana naye zamu za kuwapeleka watoto mazoezini aliambiwa maneno hayo hayo, na mwanawe naye ni beki.

Ratiba ilipotoka, majaribio ya klabu yetu na ya mahasimu yakaangukia jioni moja. Yetu saa 12, yao saa 2 na robo, upande wa pili wa jiji. Uongozi wetu ulisema ni bahati mbaya, barafu ilikuwa haipatikani siku nyingine. Bahati mbaya gani hiyo inayojua adui anakaa wapi? Walitaka kila mtoto achague upande mapema, na atakayekimbia kabla ya kikao cha mwisho aonekane.

Na mwaka ule haukuwa wa kufanyia mchezo. Tangu 2013 Hockey Canada, shirikisho la hoki la nchi, ilikuwa imepiga marufuku vikumbo kwa watoto wa miaka 11 na 12. Msimu uliokuwa unakuja ndio ungekuwa wa kwanza kwa rika la mwanangu kuruhusiwa kugongana, na ghafla makocha wote wakawa wanatazama mabega. Wangu kazaliwa Novemba. Kule watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, Januari mosi mpaka Desemba 31, na tangu miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alishaonyesha kwamba timu za juu zimejaa waliozaliwa Januari mpaka Machi. Si kwamba wana kipaji zaidi, wamewatangulia wenzao kukua tu. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na vitoto vilivyoanza kuota masharubu. Wangu bado alikuwa analala taa ikiwaka.

Siku yenyewe nilitoka kazini moja kwa moja, nikiwa na sare ya nyumba ya wazee. Nikalipa dola 20 taslimu mezani, mtoto akapewa fulana yenye namba 41. Juu kwenye viti walikaa wanaume wanne wenye vibao vya kuandikia, wasiomsalimia mtu. Kocha mpya alikuwa hamjui mtoto yeyote, na kwangu hiyo ilikuwa heri. Mwanangu alicheza kawaida yake, hakung'ara, hakuharibu. Kipenga cha mwisho kilipolia nilikuwa tayari mlangoni. Nilishamwambia asivue kitu ila viatu na helmeti.

Meneja wa klabu alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Akatazama begi, akamtazama mtoto mwenye pedi mwilini na ndala miguuni.

"Mbona haraka? Kuna kikao."

"Nina zamu ya usiku," nikamjibu, na ile sare ikanisaidia.

Barabara ya 401 saa hizo haina huruma. Magari yamesimama njia zote, mimi nahesabu dakika, na gari zima linanuka vifaa vya hoki. Aliyewahi kubeba lile begi anajua nasema nini: ni jasho la miezi minane, halikauki na halifi kwa sabuni yoyote. Mtoto amekaa nyuma na pedi zake, anakula chapati na maharage kwenye kopo, hana wasiwasi hata kidogo.

"Mama, unajua kule nafasi zimeshajaa?"

"Nafasi gani?"

"Za mabeki. Watano wameshapewa. Tuna kundi letu kwenye simu."

Akanitajia mmoja mmoja, nani katoka klabu gani, nani kaahidiwa lini. Wiki nzima mimi nilikuwa nampigia huyu, nampigia yule, nawachimba wazazi wenzangu kwa adabu zote, kumbe orodha nzima ilikuwa imelala mfukoni mwa mwanangu.

"Kwa hiyo imebaki moja?"

"Moja. Ila nadhani ni ya mtoto wa kocha msaidizi."

"Sasa sisi tunakwenda kufanya nini?"

Akatafuna kwanza. "Nataka nimkabe yule mrefu wao, mmoja kwa mmoja. Kwenye mechi kocha haniingizi yule akiwa barafuni."

Baba yake akapiga. Alikuwa ameegesha lori lake Wawa, kando ya Ziwa Superior, anaelekea Winnipeg. Nilipomweleza akasema, "Mke wangu, usisaini kitu chochote mpaka nisikie kwa masikio yangu." Haya.

Kwa mahasimu viti vilijaa, na cha ajabu, nusu ya wazazi walivaa makoti yasiyo na nembo. Watu ambao kila siku wanatembea na nembo ya klabu kwenye kofia, kwenye kikombe cha kahawa na kwenye kioo cha gari, leo makoti meusi matupu, kofia zimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mama mwenzangu wa zamu za gari alikuwepo. Tulikuwa tumeagana kule mashariki saa moja tu iliyopita, kila mmoja akidai anakwenda nyumbani. Tukatazamana, akageuza shingo, nami nikageuza yangu.

Zoezi la mmoja kwa mmoja ndilo linalomuumbua beki. Mshambuliaji anaanzia katikati na paki, kile kisahani cheusi wanachokigombania, anakuja kwa kasi. Beki anarudi kinyumenyume, gongo la kuchezea mbele, macho kwenye kifua cha mwenzake, kwa sababu macho ya mshambuliaji na mikono yake vinadanganya ila kifua kinakwenda kule mwili unakokwenda. Nililijua hilo kwa kulisikia likipigiwa kelele miaka yote. Yule mrefu alimzidi wangu kichwa kizima. Mara ya kwanza akapita nje. Mwanangu hakumrukia, alimsindikiza taratibu akimbana ukutani mpaka njia ikaisha, kisha akaichokoa paki kwa ncha ya gongo. Wakarudi foleni. Nikamwona anahesabu watoto mbele yake, anamruhusu mmoja apite, ili akutane na yule yule tena. Safari hii mrefu akaingia ndani, akaipoteza tena. Ya tatu akafunga breki ghafla, barafu ikaruka, akageuka na kuondoka nayo, wangu akaketi chini matako pwaa. Akainuka anacheka.

Nikamtafuta kocha. Alikuwa ameipa barafu mgongo, anaongea na baba mmoja aliyekuwa nje ya kioo.

Baadaye alinivuta pembeni ya mashine ya soda. Mtoto kacheza vizuri mno, akasema, ila msimu huu wanahitaji ukubwa. Ana nafasi nzuri kwa ajili yake timu ya AA, na mtu wa AAA akiumia ataitwa. Alisema "ataitwa" kana kwamba ananipa zawadi.

Hapa niseme jambo. Mwanangu alijifunza kuteleza kwenye uwanja wa jiji ulioko Finch Avenue West, ambao tangu 2001 unaitwa kwa jina la Herbert Carnegie, mzaliwa wa Toronto, mtoto wa Wajamaika. Miaka ya 1940 alikuwa tishio kule Quebec, kwenye safu ya washambuliaji watatu, Weusi watupu: yeye, nduguye Ossie na Manny McIntyre. Mwaka 1948 New York Rangers wakamwita kambini kwa majaribio. Wakampa mkataba wa timu ya chini, akakataa. Wakapandisha kidogo, akakataa tena, maana Quebec alikuwa analipwa zaidi. NHL hakuicheza kamwe. Mweusi wa kwanza kuingia alikuja kuwa Willie O'Ree, 1958. Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki ulimkumbuka Carnegie 2022, akiwa na miaka 10 kaburini. Sisemi kocha yule alikuwa mbaguzi. Moyo wake haukuwa mkononi mwangu, na aliowachagua hawakuwa wa rangi moja. Ila jina lile nilikuwa nimelisoma mlangoni miaka mingi nikisubiri mtoto amalize mazoezi, na habari yake naijua. Nikamjibu kocha asante, tutafikiri.

Tulikuwa hatujafika kwenye gari simu ikalia. Meneja wetu.

"Zamu ya usiku inaendeleaje?"

Nikakosa la kusema. Akacheka, na kicheko hakikuwa kibaya. Kumbe na yeye alikuwa na mtu wake kule ndani, huenda mmoja wa wale wa makoti meusi. Akauliza wamenipa nini. Nikasema wamempa nafasi. Sikusema ya daraja gani, naye hakuuliza. Kukawa kimya kidogo, kisha akaniambia nimsubiri kwenye mgahawa wa Tim Hortons wa kona ya kutokea 401, yuko njiani, kadi ya usajili anayo.

Tukakutana maegeshoni, saa 5 kasoro usiku. Ndani hakutaka kuingia, asije akaonekana. Nikamweka baba mtoto kwenye spika, simu juu ya boneti, na hapo damu ya Ilala ikanichemka. Ada ya msimu ni maelfu ya dola, na siku zile mzazi alilipa hata kiingilio cha kumtazama mwanawe. Nikasema ada tutalipa kidogo kidogo kwa miezi 10, bila amana. Akakuna kidevu, akakubali. Nikasema nataka pasi mbili za kuingilia mechi zote.

"Mbili?"

"Mtoto ana baba."

"Na safari za mashindano?" ikauliza boneti.

"Hizo mtajilipia."

"Haya, saini," akasema mume wangu.

Nikasaini, mtoto akasaini chini yangu, mkono mmoja kalamu, mkono mwingine donati. Meneja akaipiga picha ile kadi na kuituma mahali. Haikupita dakika simu yake ikalia ujumbe, akasoma, akaangua kicheko mpaka akashika gari. Mwanangu, beki mzuri ndiyo, lakini meneja yule hakutoka kitandani usiku kwa ajili ya beki. Alitoka ili wale wa magharibi wamkose. Mimi bei yangu niliipata humo humo.

Oktoba tukakutana nao. Mama mwenzangu alikuwa upande wa pili wa viti. Mwanawe alikuwa amechukua ile nafasi ya AA, na siku hiyo alikuwa ameitwa kweli, akakaa benchi mwanzo mpaka mwisho. Safari hii tulisalimiana. Kipindi cha pili yule mrefu akashuka na paki pembeni, kichwa chini, na kile kifupi changu kikamjia na kikumbo cha bega kilichomlaza ukutani. Nikasimama juu ya kiti. Kiswahili kilichonitoka hapo sikiandiki. Mwamuzi akamtoa dakika mbili kwa kumfuata kwa kasi mno, wakatufunga akiwa amekaa kizuizini, kisha wakaongeza. Tulilala 4–1. Kiingilio sikulipa.