Mpira wa Pili

Juzi binti yangu alinibana na swali. Tulikuwa tunatazama tenisi kwenye simu, kichwa chake begani kwangu, akamwona mchezaji anaanzisha mpira, unagonga wavu, halafu anaruhusiwa kupiga tena. "Baba, si amekosa? Mbona anapewa mwingine?" Nikamweleza sheria: anayeanzisha ana mipira miwili. Wa kwanza anaupiga kwa nguvu zake zote, wa pili anaupiga kwa tahadhari, na huo nao akiukosa, pointi ni ya mwenzake. Akaridhika, akataka katuni zake. Mimi nilikesha namfikiria Mjomba, na Jumatatu ile ya tarehe 9 Julai 2001.

Kwa kawaida fainali ya wanaume ya Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi kule Uingereza, huchezwa Jumapili. Mwaka ule mvua ya London ilivuruga ratiba. Nusu fainali kati ya Goran Ivanisevic na Tim Henman, kipenzi cha Waingereza, ilianza Ijumaa ikaja kuisha Jumapili, kwa hiyo fainali ikasukumwa hadi Jumatatu. Ndiyo maana niliikuta. Siku za shule njia yangu ya kurudi nyumbani ilipita kwenye geti la wafanyakazi la ile hoteli ya ufukweni, na askari wa getini alinijua kuwa mtoto wa dada yake Mjomba.

Uwanja wa tenisi pale ulikuwa wa Mjomba, hata kama karatasi za ajira zilimwandika mtunza bustani. Alfajiri aliumwagia maji, akaburura brashi pana juu ya ule udongo mwekundu mpaka ukalala sawa, kisha akapiga magoti kusafisha mistari myeupe kwa ufagio mdogo. Hakufundishwa kucheza na mtu. Alianza kwa kuokota mipira ya wageni, na baadaye mgeni akikosa mwenzake, ndiye aliyeitwa. Nimewaona kwa macho yangu vijana wenye raketi za bei wakihema huku na huku, naye yuko pekupeku katikati ya uwanja, anawazungusha.

Julai ni mwezi wa kusi. Mwani ulikuwa umejaa ufukweni unanuka, na wageni wa Agosti walikuwa hawajafika. Ndani walikuwepo wazee wachache tu wa Kitaliano, wale ambao Malindi imekuwa kwao, wamejipanga mbele ya televisheni. Amri ilikuwa kwamba wafanyakazi wa nje hawavuki mlango wa sebule ya wageni. Nilimkuta Mjomba amesimama kwenye mlango wa kutokea jikoni, nje kabisa ya kizingiti, ameshika mpira mmoja mkuukuu. Nikamwamkia, akaniitikia bila kunitazama, akanivuta mkono nisimame mbele yake.

"Wamemaliza majani," ndilo neno lake la kwanza.

Sikuelewa mpaka nilipotazama vizuri. Kule Wimbledon wanacheza juu ya nyasi, na baada ya wiki mbili nyuma ya mstari palikuwa pamechakaa, udongo umetokeza. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba nyasi zile hukatwa zikabaki na kimo cha milimita 8. Mimi nilikuwa natazama wachezaji. Mjomba alikuwa anatazama mpira unavyodunda pale palipokwanguka, na kabla haujadunda alishajua utaruka chini.

Seti zilikuwa mbili kwa mbili. Ivanisevic alichukua ya kwanza 6-3, Patrick Rafter wa Australia akajibu 6-3, Ivanisevic tena 6-3, kisha Rafter 6-2. Mjomba alinieleza kwa mkato kwamba huyu Mkroatia, mpiga kushoto, alishafika fainali hii mara tatu, mwaka 1992, 1994 na 1998, na zote alishindwa. Sasa bega bovu, ameporomoka hadi nafasi ya 125 duniani, hana hata sifa za kuingia mashindanoni. Waandaaji ndio waliompa mwaliko. "Wamemfungulia mlango," alisema Mjomba. Mpaka leo hakuna mwingine aliyeingia kwa mwaliko akatwaa taji la wanaume pale.

Seti ya tano ilikwenda mpaka 7-7. Ivanisevic akamvunja Rafter, yaani akashinda gemu ambayo Rafter ndiye aliyeanzisha, ikawa 8-7, na gemu inayofuata ni yake kuanzisha. Wachezaji wakaketi kupumzika. Hapo ndipo mzee mmoja wa Kitaliano, aliyezoea kucheza na Mjomba asubuhi, aligeuza kiti akatuona. Akasema kwa sauti, kwa Kitaliano, maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: njoo ukae, njoo uone hapa. Akavuta kiti cha pili, akakipigapiga kwa kiganja.

Mjomba alitazama sakafu. Ilikuwa ya vigae vyeupe, vimeng'arishwa mpaka taa za dari zinaonekana ndani yake. Kisha akatazama miguu yake. Alikuwa ametoka uwanjani, na ule udongo ulikuwa umempanda hadi juu ya vifundo, umekauka, umepasuka kwenye ngozi. Pale alipokuwa amesimama pana alama mbili nyekundu za nyayo. Nilihisi uzito wake unakuja mbele, mkono wake begani kwangu ukanisukuma kidogo kama tunataka kwenda. Kisha ukalegea. Akainua kiganja kifuani, akamjibu mzee kwa Kitaliano kizuri kuliko cha wale mawaita wote, kwamba asante sana, hapa panatosha. Mzee akasubiri kidogo. Kile kiti kikabaki wazi.

Wachezaji wakarudi. Umati wa siku ile haukuwa ule wa Wimbledon wa makofi ya adabu, kwani tiketi ziliuzwa siku hiyo hiyo kwa waliopanga foleni, na Waaustralia na Wakroatia walikuwa wanaimba kama wako kwenye kandanda. Ivanisevic akafika pointi moja kabla ya ubingwa. Alitazama juu, midomo inacheza. "Anaomba dua," Mjomba akanong'ona. Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akaukosa. Akaipata nafasi tena, akaomba tena, akakosa yote miwili tena. Mpira wa kuanzishia wenye nguvu kiasi kile, na mkono ulikuwa unamkataa. Nafasi ya tatu Rafter aliupandisha mpira juu ya kichwa cha Ivanisevic, ukaangukia ndani.

Mjomba alikuwa anauminya ule mpira mkuukuu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Wa pili," alisema, "wa pili, ndugu yangu, tia wa pili." Sijawahi kumsikia akimwita mtu asiyemjua ndugu.

Nafasi ya nne. Mpira wa kwanza nje. Ule wa pili ukaingia, Rafter akaurudisha, ukanasa wavuni. 9-7. Ivanisevic akaanguka kifudifudi, kisha akapanda majukwaani kumkumbatia baba yake. Wale wazee wa Kitaliano walikuwa wamesimama wanapiga kelele. Mjomba hakupiga kelele. Alisema jambo juu ya Rafter, kwamba mwaka uliopita alishindwa fainali hiyo hiyo na Pete Sampras, na sasa hivi tena, na huyo nani atamkumbuka. Kisha akaenda kuburura brashi.

Yule mzee alirudi kucheza na Mjomba kesho yake, na siku nyingi baadaye, na sikusikia kama waliwahi kukizungumzia kile kiti.

Mjomba alipostaafu nilimuuliza. Akasema, "Pale mlangoni nilikuwa naona vizuri." Basi. Mama yangu anasema ni kiburi cha ukoo wao, na anasema kwa kujivunia. Askari wa getini alisema alimwogopa meneja. Mimi kwa miaka mingi nilishikilia kwamba ni ile miguu, kwamba hakutaka kumchafulia kazi dada wa kupiga deki ambaye alikuwa jirani yetu. Lakini ule mkono uliponisukuma tulikuwa tunakwenda, nina hakika nao, na miguu yake ilikuwa na udongo ule ule.