Samuel Romilly na Uhai wa Shilingi Tano

Kati ya wanasiasa wa Uingereza walioishi muda mrefu katika upinzani, ninayemrudia mara nyingi zaidi ni Sir Samuel Romilly. Alizaliwa London mwaka 1757 katika ukoo wa Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbilia Uingereza kwa ajili ya imani yao, na baba yake alikuwa sonara. Alisomea sheria, akawa wakili mwenye sifa kubwa, na mwaka 1806 akateuliwa kuwa Wakili Mkuu wa Serikali. Serikali hiyo ilianguka mwaka uliofuata, na tangu hapo hadi kufa kwake alibaki upande wa upinzani pamoja na chama cha Whig.

Wakati huo sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Aliyeiba kwa siri dukani kitu cha thamani ya shilingi 5 alistahili kifo, na vivyo hivyo aliyeiba nyumbani mwa mtu mali ya shilingi 40. Juri, yaani wale raia 12 walioketi mahakamani kuamua hatia, mara nyingi hawakuwa na moyo wa kumpeleka mtu kwenye kitanzi kwa sababu ya kipande cha kitambaa, kwa hiyo walitamka kwamba mali iliyoibwa ilikuwa na thamani ya shilingi 39, hata pale ambapo kila aliyekuwamo chumbani aliona wazi kwamba thamani yake ilizidi hapo. Watu hao walikuwa wameapa kusema kweli, na sheria ikawalazimisha kuchagua kati ya kiapo chao na uhai wa mwenzao. Romilly aliliona hilo vizuri: adhabu kali mno haimtishi mwizi, kwa kuwa mwizi anajua kwamba huenda isitekelezwe.

Mwaka 1808 alifanikiwa kufuta adhabu ya kifo kwa wachomozi wa mifukoni. Baadaye wapinzani wake walidai kwamba kesi za wizi huo zilikuwa zimeongezeka, naye akawajibu kwamba walioibiwa, ambao zamani walinyamaza wakiogopa kumwua mtu, sasa walikuwa tayari kushtaki. Kwangu mimi jibu hilo linatosha kuonyesha akili yake.

Muswada wake wa kufuta adhabu ya kifo kwa wizi wa dukani ulipita katika Baraza la Makabwela, yaani la wabunge wa kuchaguliwa, mwaka 1810, lakini ulipofika kwa Mamwinyi, yaani baraza la juu la makabaila na maaskofu, ulikataliwa kwa kura 31 dhidi ya 11. Katika hao 31 walikuwamo maaskofu 7, Askofu Mkuu wa Canterbury akiwa mmoja wao, jambo ambalo kila ninapolisoma linanichoma moyo. Jaji Mkuu Ellenborough alionya kwamba mali za watu zingekosa usalama. Romilly hakukata tamaa. Aliurudisha muswada huo mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na kila mara Mamwinyi waliuangusha. Mwaka 1814, hata hivyo, alifaulu kuondoa katika adhabu ya uhaini ule ukatili wa kumtumbua mtu angali hai.

Katika uchaguzi wa 1818 wapiga kura wa Westminster walimweka juu ya wagombea wote, ingawa hakuwa amezunguka kuomba kura. Kiti hicho hakukikalia. Mkewe Anne, aliyempenda mno, alifariki mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, naye kwa huzuni iliyomshinda akajitoa uhai tarehe 2 Novemba, kabla Bunge jipya halijakutana. Inasimuliwa kwamba Lord Eldon, Lord Chansela yaani mkuu wa mahakama, aliyempinga miaka yote hiyo, alitokwa machozi mahakamani.

Kazi yake ilichukuliwa na mbunge mwenzake wa Whig, James Mackintosh. Machi 1819 alipoliomba Baraza la Makabwela liunde kamati ya kuichunguza adhabu ya kifo, serikali ilipinga, ikashindwa kwa kura 147 dhidi ya 128.