Korongo la Babu Juu ya Bati

Binti yangu aliigusa picha iliyo ukumbini kwa kiganja, akakitazama kiganja chenyewe, kisha akaniuliza: "Mama, mbona mlima unatoka na korongo halitoki?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba mlima ni kutu na korongo ni udongo, naye akaridhika, akaenda kunawa. Swali lake limenikaa moyoni tangu siku hiyo, kwa sababu korongo lile sikulichora mimi.

Lilichorwa na babu, nyumbani Kondoa, kiangazi cha mwaka ule alioezua jiko la nje ili aliezeke upya. Nilimwomba bati moja katika yale ya zamani. Moshi na mvua za miaka mingi vilikuwa vimekwisha kuila zinki sehemu kubwa, na pale ilipokwisha, chuma kilikuwa wazi, tayari kwa kazi niliyoikusudia. Nilitaka kuvichora vilima vya nyuma ya nyumba bila kununua rangi yoyote: mbingu iwe ile zinki ya kijivu iliyosalia upande wa juu, vilima viwe kutu, na majani makavu ya mbele yawe nyuzi za katani zilizogandishwa kwa gundi juu ya kipande cha turubai. Nililinyoosha bati kwa nyundo, ingawa alama za migongo yake hazikuisha, nikalisugua kwa msasa, nikalinyunyizia siki yenye chumvi, kisha nikalifunika kwa gunia lililoloweshwa hadi asubuhi. Nilipofunua, vilima vilikuwa vimejitokeza, vyekundu vya machungwa kwenye miteremko na kahawia nzito kila mahali siki ilipotuama.

Babu hakufurahi. Mtu ambaye kila baada ya palizi hulifuta jembe lake na kulipaka mafuta hawezi kupendezwa na chuma kinachoozeshwa makusudi. "Mke wangu," aliniambia, kwa utani aliouzoea, "mimi kutu nimeifukuza maisha yangu yote, leo wewe unaifuga?"

Kilichomvuta kwenye kazi yangu ni udongo. Udongo mwekundu ulikuwa tele uani, lakini chini kabisa ya ukuta wa korongo palikuwa na tabaka la manjano, nami nilitaka kuona litafanya nini likipata moto. Nilikuwa nimelitwanga, nikaukoroga unga wake ndani ya maji, nikaacha mchanga uzame na kuyamimina yale maji mazito katika chombo kingine, kisha nikaukausha ule ulaini uliobaki. Jioni niliutia katika kikaango kikavu juu ya jiko la mkaa, babu akiwa ameketi karibu juu ya kigoda.

Kwa kitambo hatukuona kitu ila mvuke mwembamba. Kisha pembezoni, palipokuwa na moto mkali zaidi, ile manjano ikaanza kuiva: ikawa kahawia, ikawa nyekundu, ikakoza hata ikakaribia zambarau, na kila nilipoigeuza kwa mwiko rangi hiyo ilizidi kutambaa kuelekea katikati, mpaka manjano yote ikatoweka. Nilipoepua na unga ukaanza kupoa, ule weusi uliondoka polepole, ukabaki wekundu wa wazi. Udongo wa manjano ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji, na maji yakifukuzwa na moto ndipo wekundu huo hujitokeza. Babu, ambaye amechoma matofali tangu ujana wake, hakuhitaji maelezo yangu. "Kumbe ni tofali," alisema, akauchukua kidogo, akausaga katikati ya vidole, akanusa.

Niliukoroga na gundi nyeupe ya maseremala. Kabla sijashika brashi, babu alichovya kidole cha shahada, akaliinamia bati na kuanza kuchora. Alianzia chini ya kilima cha kati, akateremka, akapinda kushoto, na kila pindo akalitaja: hapa palikuwa na mkuyu, hapa ng'ombe walishukia majini, hapa ndipo lilipogawanyika mvua zilipozidi. Alipofika mahali palipokuwa na shamba la mtama la bibi, kidole kilisimama, kisha kikapita katikati ya shamba bila yeye kusema neno. Ukucha wake uliokatika uliacha mchirizi mwembamba ndani ya udongo, ambao leo unaonekana kama mkondo wa maji.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanza mwaka 1973, shamba hilo lilikuwa limekwisha kwenda. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, na ng'ombe wa babu wakapelekwa kwa ndugu walio nje ya eneo hilo. Majani yaliota tena, naye alilikiri hilo daima, bila kuacha kuwataja ng'ombe wake.

Alipomaliza alinawa mikono, akaniambia: "Sasa lipake mafuta, lisiliwe." Sikulipaka. Babu hakulirudia neno hilo, nami nikasafiri na picha yangu. Miaka michache baadaye tukamzika.

Michoro myekundu ya miambani huko Kolo, humohumo wilayani Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, nayo ni oksidi ya chuma. Rangi hiyo ni chuma kilichokwisha kumalizana na hewa, kisicho na la ziada la kupoteza, tena imelala juu ya jiwe. Udongo wa babu ni wa namna hiyohiyo, lakini umelala juu ya chuma ambacho bado kinaliwa, na siku ganda la kutu litakapobanduka litaondoka nao.

Kipo kipande kilichosalia cha bati lile. Wiki hii nilikipaka udongo uleule, kikakauka, kisha nusu yake nikaipitishia vanishi isiyong'aa. Kutu imeshikamana vizuri na haitoki mkononi. Udongo, hata hivyo, umekoza mara moja, umekuwa kama ulionyeshewa, na korongo alilolichora babu ni la kiangazi. Vanishi iliyobaki nimeifunika vizuri, na picha nimeihamishia ukuta ulio mbali na dirisha, mahali pasipofikiwa sana na unyevu, mpaka nitakapoamua.