Namugongo kwa miguu: kutoka Basilika hadi Nakiyanja

Wengi wanaokwenda Namugongo, karibu na Kampala, Uganda, mahali walipochomwa mashahidi Wakristo mwaka 1886, huona nusu yake. Mkatoliki hushukia Basilika, akachota maji, akapanda basi kurudi. Mwanglikana hupitiliza hadi Nakiyanja, kituo cha hija cha Waanglikana, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo. Sisi tulikuwa kumi na wanne kutoka Nairobi, Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wawili, na tulitaka kukitembea pamoja kile kipande kilicho katikati.

Tulikwenda katika Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari. Sikukuu yenyewe ya mashahidi ni 3 Juni, lakini siku hiyo umati ni mkubwa, magari huzuiwa mbali, na kila kanisa lina ibada yake. Kundi la mchanganyiko litagawanyika tu. Isitoshe, mwanzoni mwa Juni mvua haijaisha Kampala, na tope jekundu halina huruma na viatu.

Basi la usiku hupitia Busia au Malaba. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa; Mtanzania aje na pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, si ndani ya begi lililofungiwa buti, kwa maana mmoja akikwama mpakani, basi zima linasubiri. Kutoka Kampala, Namugongo iko kilomita kama 15, kaskazini-mashariki. Panda taksi, yaani matatu ya kule, inayopita Kireka na Kyaliwajjala.

Anzeni Basilika, maana ndivyo mashahidi wenyewe walivyofika. Paa lake limeshuka kama la nyumba ya msonge ya Kiganda, na limebebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare imewekwa pale alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wao, 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana. Yeye alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Waliobaki wakasukumwa mbele, Wakatoliki na Waanglikana wamefungwa pamoja. Hapo ndipo matembezi yetu yalipoanzia.

Kutembea kwenyewe si kazi kubwa, ila jua la saa tano ni kali na bodaboda hupita karibu sana na bega. Beba lita moja na nusu ya maji, tembeeni mstari mmoja mkiyatazama magari yanayokuja, na mwenye magoti mabovu awekwe mbele ili mwendo uwe wake. Tulipomwacha mzee wetu nyuma, kundi lilikatika mara tatu. Alipowekwa mbele, halikukatika tena.

Nakiyanja kuna sanamu za ukubwa wa watu zinazoonyesha tukio lenyewe: vijana wamezungushiwa mikeka ya matete, wamelazwa juu ya kuni kama mizigo ya sokoni. Simameni hapo kwa muda, msikimbilie picha. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi aikane imani, akakataa. Basi Mukajanga akaagiza apigwe shingoni kwanza, moto usimkute hai. Ni huruma ya mtu aliyeshindwa kufanya huruma kubwa zaidi, na ndiyo iliyotunyamazisha kuliko yote.

Ukihesabu waliouawa kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki ni 22 na Waanglikana 23. Haijatimia hata miaka sita baada ya moto ule, Januari 1892, wafuasi wa makanisa hayohayo walipigana vita pale Mengo, makao ya mfalme wa Buganda, Wakatoliki wakiitwa Wafransa na Waanglikana Waingereza, na bunduki ya rashasha, Maxim ya Kapteni Lugard, Mwingereza, ikaamua mshindi. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwataja na Waanglikana. Papa Fransisko alifika sehemu zote mbili siku moja, 28 Novemba 2015.

Mambo mawili huharibu safari kama hii, na yote ni ya ibada. La kwanza ni komunyo. Asiye Mkatoliki hapokei kwenye misa, na kama halikusemwa mapema mtu ataaibika mbele ya altare. Sisi tulilimaliza ndani ya basi: wasiopokea wangekwenda altareni na mikono imekunjwa kifuani, wapewe baraka.

La pili hatukuliwaza. Mbele ya zile sanamu mtu alianzisha Baba Yetu, na kwenye mstari wa tatu tukagongana: huku “ufalme wako ufike”, kule “ufalme wako uje”. Tukagongana tena, “makosa yetu” na “deni zetu”, “utuopoe maovuni” na “utuokoe na yule mwovu”. Afadhali mkubaliane mapema, au kila mtu asali ya kwao kwa sauti ya chini. Wakatoliki wakafika Amina wakanyamaza. Wenzao wakaendelea, “kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu”, sauti chache, nyembamba. Wakatoliki wakabaki wamesimama, vichwa chini, wakiwangoja. Amina ya pili tukaitikia sote.