Gurudumu la Kushoto

Mwenye gari alisukuma gia ndogo mpaka 4H, pale magurudumu yote manne yanapotakiwa kuvuta, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, akanigeukia. "Si unaona mwenyewe? Fowili inafanya kazi." Nikaona kweli, nikaamini. Kama ningekuja peke yangu asubuhi ile, ningehesabu pesa palepale.

Nilikuwa natafuta pikapu kwa sababu ya tope. Misimu miwili mfululizo nililala njiani na mzigo, gari limezama mpaka kwenye difu, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu, nikaapa kwamba gari litakalofuata litavuta kwa magurudumu yote manne. Hili la mzee yule lilikuwa safi, injini inanguruma vizuri, bodi halina kutu. Lakini nilikuja na fundi wangu, mtu mzima asiye na haraka, na yeye taa haikumtosha.

"Mwanangu, hiyo taa inasema ya transfa tu, kile kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma," aliniambia. "Inakuambia gia imeingia. Magurudumu ya mbele bado hatujayauliza."

Gari lenyewe lilikuwa la aina ya habu za kufunga kwa mkono, yaani viungo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoshikisha gurudumu na shafti, chuma kinacholizungusha: unashuka, unainama kwenye gurudumu la mbele, unazungusha kitasa cha katikati kutoka FREE kwenda LOCK, kisha upande wa pili vilevile. Fundi akafunga habu zote mbili, akaacha gia ndogo kwenye 4H na gia kubwa kwenye nyutro, akazima injini. Akavuta handibreki, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, ndipo akapiga jeki upande wa mbele kushoto mpaka tairi likaachana na ardhi.

"Zungusha."

Nikashika tairi kwa mikono miwili, nikazungusha. Likazunguka laini kabisa, kama gurudumu la baiskeli iliyogeuzwa juu chini. Nilidhani hiyo ni dalili njema, na uso wangu nadhani ulionyesha hivyo, maana fundi alitikisa kichwa. Kwenye 4H, transfa inafunga propela ya mbele, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye difu, pamoja na ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yako chini, yamezuiwa, kwa hiyo propela ya mbele haiwezi kwenda popote. Na kama gurudumu la mbele la upande wa pili nalo liko chini, hili lililo hewani linatakiwa kugoma. Litacheza kidogo, upana wa kidole au viwili, kisha likatae.

Tukahamia kulia. Nalo likazunguka, ila kwa uzito fulani. Safari hii fundi alilala chini, akaniita nichungulie huku yeye akisogeza tairi kwa mkono. Nilichokiona hapo sijakisahau: shafti ya kulia ilikwenda na gurudumu lake, na shafti ya kushoto ilikuwa inazunguka kinyume, wakati gurudumu la kushoto limetulia tuli ardhini. Shafti inazunguka, gurudumu halina habari. Habu ya kushoto ilikuwa haishiki.

Na hapo ndipo ubaya wa jambo lile uliponiingia. Mtu anaweza kudhani habu moja ikifa anabaki na magurudumu matatu. Sivyo. Difu ya kawaida hupeleka nguvu panapokimbilika kwa urahisi, na shafti isiyoshikwa na chochote ndiyo rahisi kuliko zote. Ile ya kushoto ingezunguka bure, ya kulia isingepata nguvu ya maana, na mimi kwenye tope ningekuwa na yale yale magurudumu mawili ya nyuma, huku taa ya kijani inawaka mbele yangu.

Mzee hakuwa mwongo, hilo nalisema kwa moyo wote. Alikuwa hajafunga habu zile kwa miaka. Fundi alipofungua boliti sita na kuvuta kifuniko, grisi ya ndani ilikuwa nyeusi, imekauka kama nta, na pete inayotakiwa kuteleza na kuuma meno ya shafti imeganda mahali pake. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaipaka grisi mpya nyembamba, tukarudisha. Kitasa kikazunguka na mlio mdogo, tak.

Mambo mengine yalikwenda upesi. Tairi zote nne saizi moja. Oili ya difu ya mbele na ya transfa haikuwa na rangi ya maziwa, maana yake maji hayakuingia. Tukalipeleka kwenye changarawe, si lami, kwa sababu kwenye lami kavu gari la namna hii likikata kona kwenye 4H linajikaza na kujiumiza. Tukasimama, tukaingiza 4L, ile ya magurudumu manne kwa mwendo wa polepole wenye nguvu. Likatambaa lenyewe bila mguu kwenye mafuta, na nilipoachia mafuta mteremkoni gia haikuchomoka.

Lakini kabla ya yote hayo tulikuwa tumerudia jeki, kushoto. Nikasukuma tairi. Likaenda upana wa kidole, likagoma. Nikasukuma kwa nguvu zaidi, likanigomea vilevile. Mzee akaomba naye ajaribu. Alichuchumaa, akalishika kwa mikono yote miwili, akalisukuma mara tatu, akakaa kimya akilitazama. Kisha akainuka, akajifuta viganja, akaingia ndani kutafuta kadi ya gari.