Mikanda Mitatu ya Mwisho

Mikanda ya filamu ya kamera ilikuwa mitatu, ya rangi, aina ya Kodachrome 64, kila mmoja picha 36, na kwenye kila boksi tarehe ya mwisho ya matumizi ilisomeka 2006. Mzee aliyenipa alikuwa ameificha ndani ya friza miaka yote hiyo. "Ipige sasa," aliniambia, "la sivyo wape watoto wachezee."

Hakutia chumvi. Ilikuwa Desemba 2010. Kodak, kampuni iliyoitengeneza, walitangaza Juni 2009 kwamba filamu hiyo haitengenezwi tena, na sasa duniani kote pa kuisafishia palibaki mahali pamoja tu: Dwayne's Photo, katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas. Nao walishatoa siku ya mwisho: Desemba 30, saa sita mchana. Mkanda ukifika saa saba, umekwenda bure.

Nikaona kama ni kuizika, izikwe kwa heshima. Kusini mwa Utah kuna bonde linaloitwa Kodachrome Basin. Jina hilo lilitoka kwa msafara wa jarida la National Geographic, mwishoni mwa miaka ya 1940. Lilipofanywa hifadhi ya jimbo mwaka 1962, wakubwa waliogopa kugombana na Kodak wakaliita Chimney Rock. Baadaye Kodak wakaridhia, jina likarudi. Nipige picha huko, kisha niendeshe gari zaidi ya kilomita 1,800 hadi Parsons nikaikabidhi mikanda kwa mkono wangu. Kuituma kwa posta wiki ya Krismasi sikuthubutu.

Asubuhi ya tarehe 27 jua lilichomoza nikiwa tayari bondeni. Minara ya mawe imesimama peke yake peke yake, mingine ya kijivu, nyuma yake majabali mekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Filamu ya slaidi, ile ambayo picha yake hutazamwa kwa kupitisha mwanga, haina msamaha: mwanga ukizidi kidogo, weupe unaungua, ukipungua, vivuli vinageuka makaa. Iliyopitwa na muda ndiyo zaidi, maana huwa imepoteza kasi, yaani wepesi wa kushika mwanga. Kwa hiyo nilidanganya kipima mwanga kwamba kasi ya filamu ni 50 badala ya 64, na kila nilichokipenda nikakipiga mara mbili. Vidole vilikufa ganzi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima.

Namba ya picha ikafika 36. Nikavuta tena. 37. Nikavuta. 38.

Anayepiga filamu ameshajua. Nilishika kitufe cha kurudishia mkanda nikakizungusha: chepesi, kinaelea, hakijabeba kitu. Ulimi wa filamu, ncha yake ya mwanzo, haukuwa umeshika meno ya kamera tangu mwanzo. Asubuhi nzima nilikuwa nikipiga hewa. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, nami kamera nimeishika miaka kumi na tano.

Mkanda wenyewe haukuharibika, ulikuwa mbichi kama ulivyotoka frizani. Kilichopotea ni mwanga. Wingu lilishafunika bonde lote. Nikapiga picha chache za kujifuta machozi, nikaondoka.

Barabara kuu ya I-70 nitaipitia haraka kama nilivyoipita: jimboni Colorado, korongo la Glenwood usiku, halafu handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako gari lilikohoa nami nikakohoa. Nilichosafiria nilikuwa nimekwisha kukikosa.

Kisha ikaja Kansas. Watu husema Kansas ni ya kupita ukiwa umelala, na huenda ndiyo sababu nilisimama. Maghala ya nafaka, meupe, marefu, yanaonekana dakika ishirini kabla hujayafikia. Trekta jekundu limeachwa katikati ya mabua makavu. Mabehewa ya reli yaliyopauka. Kuanzia Salina kushuka Wichita, kisha mashariki kwa barabara ya 400, nilimaliza mikanda yote mitatu. Ule uliopiga hewa niliuingiza mwisho, na safari hii nilikikodolea macho kitufe mpaka nikakiona kinazunguka.

Parsons niliingia tarehe 29. Nje ya jengo palikuwa na magari ya majimbo ya mbali. Kodachrome haina rangi ndani yake. Ni matabaka ya filamu nyeusi na nyeupe, na rangi ilikuwa ikiingizwa wakati wa kusafisha, moja baada ya nyingine, filamu ikimulikwa tena kwa mwanga mwekundu, kisha wa buluu. Ndiyo maana hukuweza kuisafisha jikoni kwako. Walioibuni, Mannes na Godowsky, walikuwa wanamuziki, na inasemekana gizani walipima dakika kwa kupiga mluzi. Niliiweka mikanda mezani, nikapewa risiti, basi. Safari yote ile, shughuli yenyewe dakika mbili.

Slaidi zilifika baada ya wiki kadhaa. Nikampelekea mzee. Aliziinua dirishani moja moja, nyingine akaziinamisha upande, kwa sababu slaidi ya Kodachrome ukiiinamisha unaona picha imechongeka juu yake kama nakshi ya mlango.

"Na lile bonde?" akauliza.

Nikamweleza habari ya ulimi. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, alinyoosha mkono: "Hebu nipe lile trekta."