Swali la Tatu

Mwanangu alipokuwa mchanga nilikuwa na daftari. Kila aliponyonya niliandika: saa, ziwa la kulia au la kushoto, dakika ngapi. Nepi nazo niliziandika, usingizi pia, na kila mara alipolia nisijue analilia nini. Hizo nilizipigia mstari, maana niliamini mama aliyekamilika angejua. Usiku nikishamlaza nafungua simu, naangalia akina mama wengine wamependeza, nyumba zao zinang'aa, watoto wametulia. Kisha narudi kwenye daftari kutafuta nilipokosea.

Siku ya kliniki nililibeba. Mtoto akapimwa, uzito unapanda vizuri. Muuguzi alipitisha macho kwenye kurasa zangu, akalifunga, akanirudishia.

"Mtoto nimemwona. Na wewe, mama, unaendeleaje?"

Nikajibu salama, kama tunavyojibu wote. Akanipa karatasi yenye maswali 10, akampakata mtoto ili nijaze bila haraka.

Ni dodoso lililoanzia Edinburgh, Uskoti, likachapishwa mwaka 1987, la kutambua dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, kwa mama aliyejifungua. Linauliza kuhusu siku 7 zilizopita tu. La kwanza ni kama bado unaweza kucheka. La tatu ni kama umekuwa ukijilaumu pasipo sababu pale mambo yanapokwenda kombo.

Hapo nilikwama. Kujilaumu nilijilaumu, lakini sababu nilikuwa nazo, zimepigwa mstari na saa zake. Nikamwambia muuguzi.

"Nioneshe moja."

Nikamwonesha jioni moja: ameshiba, mkavu, hana homa, analia.

"Ukafanya nini?"

"Nilimbeba mpaka akanyamaza."

Akaonesha mstari mwingine. Nilimbeba. Na mwingine. Nilimbeba. Ndipo akanieleza kwamba kilio cha mtoto huongezeka wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe kadiri miezi inavyokwenda, hata kwa mtoto mwenye afya tele na mama asiyebanduka. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikuwa nimeambiwa mengi sana kuhusu mama anavyopaswa kuwa, na machache mno kuhusu mtoto alivyo.

Nikachagua "ndiyo, mara nyingi". Alipojumlisha alama alisema karatasi ile haitoi jina la ugonjwa, inaonesha nani wa kufuatiliwa, na mimi nifuatiliwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Tunampima mtoto kila tukienda kliniki, gramu kwa gramu. Mama naye aulizwe, tena aulizwe kwa utulivu, na mtu aliye tayari kusikia jibu lisilo "salama".

Nyumbani nilimpa mume wangu karatasi. Alianzia chini, kwenye swali la 10, linalouliza kama umewaza kujidhuru. Alipoona nimejibu hapana akashusha pumzi, ndipo akapanda juu kusoma mengine.

"Nani alikulaumu?" aliuliza alipofika la tatu.

Sikuwa na jina la kumtajia. Jioni ile tulipangana zamu za usiku, mimi kunyonyesha, yeye kubembeleza, na miadi iliyofuata tulikwenda wote wawili.